Kipima Oksijeni Kilichotoka Dar: Yaliyotukuta Arusha

Naandika haya kwa mafundi wa vifaa tiba, wauguzi na madaktari walioko Arusha, Moshi, Karatu na kokote palipoinuka. Ninyi mnaopokea vifaa vya oksijeni vilivyopimwa Dar es Salaam au ng'ambo, mkavitoa kwenye boksi na kuanza kuvitumia siku hiyo hiyo. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, mzaliwa wa Moshi, kazi yangu iko Arusha. Jambo hili limeninyima usingizi, limeigharimu wodi yetu fedha, na lingeweza kugharimu zaidi ya fedha.

Kituo chetu kina wodi ndogo ya watoto wachanga. Wengi wanaolazwa pale ni njiti, wengine hawajafika kilo moja na nusu, mapafu yao bado mabichi. Wanasaidiwa na mashine inayosukuma hewa puani kwa presha ndogo ili mapafu yasinywee, na hewa hiyo inachanganywa na oksijeni inayotoka kwenye konsentreta, mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka kwenye hewa ya kawaida. Mtambo wetu wenyewe wa oksijeni hatuna. Mitungi tunanunua, na tunaitunza kwa ajili ya dharura na siku umeme unapokatika. Kwa hiyo konsentreta ndiyo tegemeo, na swali linalorudi kila zamu ni hili: mtoto huyu anavuta oksijeni kiasi gani hasa?

Kwa muda mrefu tulijibu kwa kukisia. Muuguzi anafungua oksijeni lita mbili, anaangalia kipimo cha oksijeni ya damu kilichofungwa mguuni kwa mtoto, anaongeza au anapunguza. Hatimaye uongozi ukakubali kununua kipima oksijeni, kile cha kushika mkononi chenye seli ndani, kinachoonyesha asilimia kwenye kioo chake. Kilitumwa kwa basi kutoka Dar kikiwa na cheti kwamba kimekalibretiwa, yaani usomaji wake umewekwa sawa, wiki hiyo hiyo.

Nikakiwasha mezani, dirisha liko wazi. Kikaonyesha 17.7.

Hewa tunayovuta, ikiwa kavu, ina oksijeni asilimia 20.9, iwe Tanga au juu ya Mlima Meru. Kwa hiyo 17.7 haikuwa na maelezo. Mwenzangu akasema bila kusita, "Mangi, hiyo seli imekufa, warudishie." Tukampigia muuzaji. Naye akaapa: "Kaka, kabla sijakifunga kwenye boksi kilikuwa kinasoma 20.9 hapa hapa. Labda kimegongwa njiani."

Lakini wakati sisi tunabishana na simu, kifaa kilishaanza kutumika. Konsentreta tatu za wodi zilipimwa, zikatoa 79, 78 na 66. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka konsentreta itoe oksijeni isiyopungua asilimia 82. Amri ikatoka kwamba zote tatu zisitumike, zikabandikwa karatasi yenye neno MBOVU na kusukumwa ukutani. Watoto wakahamishiwa kwenye mitungi.

Hesabu ya mitungi haina huruma. Mtungi mkubwa una kama lita 7,000 za gesi. Watoto watatu wakitumia lita mbili kwa dakika kila mmoja, wanaumaliza kwa saa kumi na tisa hivi. Kuna usiku nilikaa na sista wa zamu tukitazama mshale wa geji ukishuka huku gari la mitungi halijafika, na mashine tatu zimesimama hatua chache kutoka tulipo. Sikuwa na amani. Namba zile zilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekikamata bado.

Nilikikamata nilipochukua kalamu. Gawanya 17.7 kwa 20.9 unapata karibu 0.85. Gawanya 79 kwa 93, ambayo ndiyo asilimia ya kawaida ya konsentreta nzima, unapata 0.85. Nikaenda kupima mtungi, ambao gesi yake ni oksijeni zaidi ya asilimia 99. Kifaa kikasoma 84. Ni 0.85 tena. Seli inayokufa haikosei kwa uwiano ule ule kila mahali. Ikichoka huweza kusoma vizuri kwenye hewa ya kawaida, halafu ikipewa oksijeni nyingi inashindwa kupanda. Hii yetu ilikuwa inapungua kwa kipimo kimoja juu mpaka chini. Seli ilikuwa nzima kabisa.

Maelezo yake ni haya. Mwaka 1801 Mwingereza John Dalton alieleza kwamba kwenye mchanganyiko wa gesi, kila gesi ina mgandamizo wake, na ukijumlisha migandamizo hiyo yote unapata mgandamizo wa mchanganyiko mzima. Seli iliyo ndani ya kipima oksijeni ni kama betri ndogo. Oksijeni inapenya utando mwembamba, inakutana na madini ndani, na umeme kidogo unazalishwa. Wingi wa umeme huo unafuata mgandamizo wa oksijeni peke yake. Seli haijui asilimia. Asilimia inaandikwa na kifaa, kikidhani kwamba mgandamizo wa hewa nzima ni ule ule uliokuwepo siku kilipokalibretiwa.

Dar, usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kilopaskali 101 hivi, sawa na milimita 760 za zebaki. Arusha mjini tuko mita 1,400 juu ya bahari, na mgandamizo ni kilopaskali 86 hivi. Gawanya 86 kwa 101, jibu ni 0.85. Chukulia daladala ambayo kila abiria mmoja kati ya watano ni mwanafunzi. Ikibeba abiria 30, wanafunzi ni sita. Ikibeba 25, wanafunzi ni watano, ingawa fungu lao halijabadilika. Asilimia ya oksijeni ni lile fungu. Seli inahesabu vichwa.

Watu wa mlima wanalijua hili kwa miili yao. Pale Uhuru, mita 5,895, hewa bado ina oksijeni asilimia 21, lakini mgandamizo wote umebaki karibu nusu. Kipima chetu kikipelekwa kule na cheti chake cha Dar kitasoma kama 10 na kitu.

Sikutaka kwenda kwa mkuu wa kitengo na karatasi ya hesabu tu. Jumamosi nilikuwa nashuka Moshi nyumbani, nikaomba kuondoka na kifaa. Nilikaa dirishani kwenye Coaster, kioo nimekifungua, kifaa kinawaka mapajani. Stendi ya Arusha 17.7. Tulipofika Tengeru kilishaanza kupanda. Usa River 18.3. Njia panda ya KIA 18.9, na kutoka hapo kikatulia, maana barabara kuelekea Boma Ng'ombe na Moshi haina tena mteremko mkubwa. Mama aliyekaa jirani yangu aliuliza kama kile ni kipimo cha sukari, nikamweleza kinapima hewa, akauliza kama hewa ya Moshi ni nzuri zaidi. Nilimwambia ni nzito zaidi. Stendi ya Moshi kikasoma 19.0. Sikugusa kitufe chochote njia nzima.

Jumatatu nilikalibreti mbele ya mkuu wa kitengo na sista kiongozi wa wodi. Kazi yenyewe haichukui dakika kumi. Unakitoa kifaa nje penye hewa safi, unakiacha kizoee joto la pale (asubuhi za mwezi wa saba Arusha, kifaa kilicholala kwenye chumba baridi kinahitaji muda), unakiambia hapa ndipo 20.9. Kisha unakipa oksijeni ya mtungi kwa mtiririko mdogo, lita moja au mbili kwa dakika, na unahakikisha kinapanda hadi karibu 100. Tukarudia konsentreta. Ya kwanza 93. Ya pili 92. Karatasi zikabanduliwa pale pale, na yule sista, mtu mzima ambaye huwa haonyeshi hisia kazini, akaninong'oneza, "Mungu akubariki, mwanangu," akaenda kuzisukuma mwenyewe.

Ya tatu ilitoa 78. Hiyo ilikuwa mbovu kweli. Ilikuwa imekaa stoo bila kuwashwa tangu masika. Ndani ya konsentreta kuna chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite, na unyevunyevu ukizikalia hazinasi tena sawasawa. Konsentreta ya akiba iwashwe mara kwa mara hata kama haina mgonjwa, na vichujio vyake visafishwe, hasa kiangazi, vumbi letu la Arusha likianza. Kubadilisha nguzo, yaani mirija inayobeba zeolaiti, ni gharama kubwa kiasi kwamba wengi wanaishia kuitupa mashine.

Upande wa pili wa jambo hili unanitisha zaidi. Kwetu kosa lilitufanya tuziite mbovu mashine nzima. Tulipoteza fedha na usingizi, lakini hakuna mtoto aliyepewa gesi dhaifu kwa sababu yake. Geuza safari sasa. Kifaa kimekalibretiwa Arusha kisha kimeazimwa Moshi, ambako mgandamizo ni kilopaskali 92 hivi. Kila kitu kitasomeka juu kwa asilimia saba. Konsentreta yangu ile ya 78 ingeonyesha 83 Moshi. Ingepita. Ingefungwa kwa mgonjwa, na kila mtu angekuwa na hakika kwamba iko sawa. Tunaazimana vifaa kati ya miji hii miwili kila mara, na ni saa moja na nusu tu njiani.

Kuna namba moja ya kukushtua: konsentreta haiwezi kutoa 99. Zeolaiti inanasa naitrojeni lakini argoni, gesi nyingine iliyomo hewani kwa kiasi kidogo, inapita pamoja na oksijeni, ndiyo maana hata mashine mpya kabisa inaishia 95 au 96. Ukiona 98 kwenye konsentreta, usifurahi. Ama kifaa kimekalibretiwa mahali pa juu kuliko ulipo, ama umeibana seli kwenye mpira ambao gesi yake haina pa kutokea. Hilo la pili nimeliona kwa wenzangu wengi. Gesi ikizuiwa, mgandamizo kwenye seli unapanda, na namba inapanda nao. Tumia kiunganishi cha njia tatu, upande mmoja gesi iingie, upande mmoja itoke nje huru, seli ikae katikati. Na upime kabla ya ile chupa ya maji ya kulainisha hewa, kwa sababu mvuke nao ni gesi yenye mgandamizo wake, na unaikalia oksijeni nafasi.

Baada ya kukiamini kifaa ndipo tukaingia kwenye kazi tuliyokinunulia, yaani mchanganyiko wenyewe.

Ukutani palikuwa na jedwali lililokuja na mashine: oksijeni lita kadhaa, hewa lita kadhaa, mtoto anapata asilimia kadhaa. Jedwali lile limeandikwa kwa oksijeni ya asilimia 100, ya mtungi au ya bomba. Sisi tunatumia konsentreta. Fomula ni rahisi na kila muuguzi aliyenifuata ameishika: lita za oksijeni zidisha kwa usafi wake, lita za hewa zidisha kwa 21, jumlisha, gawanya kwa lita zote. Lita mbili za konsentreta ya 93 na lita sita za hewa zinatoa 39. Jedwali linasema karibu 41. Tofauti ndogo. Lakini weka ile konsentreta ya 78 hapo hapo, unapata 35, na kwa mtoto anayehangaika asilimia sita si kidogo. Tuliandika jedwali letu kwa mkono, kila konsentreta na lake, limebandikwa kwenye ubavu wa mashine yenyewe wala si ukutani, ili mashine ikihamishwa lihame nayo. Kila Jumatatu asubuhi konsentreta zinapimwa upya. Ikishuka zaidi ya pointi mbili tatu, jedwali linabadilishwa.

Jambo lililowachanganya wauguzi wapya ni kwamba kuongeza mtiririko wa jumla hakumwongezei mtoto oksijeni. Ukipandisha hewa kutoka lita sita hadi nane na oksijeni ukaiacha kwenye mbili, umeishusha hadi 35. Ilibidi tuonyeshe kwa kifaa, kwenye mpira wa karibu na pua ya mtoto, namba ikishuka mbele ya macho yao. Maneno peke yake hayakutosha, na siwalaumu.

Sasa, daktari mmoja kijana aliniuliza swali zuri. Kama seli inahisi mgandamizo, je, mapafu? Mapafu nayo ni vivyo hivyo. Damu inapokea oksijeni kwa kufuata mgandamizo wa oksijeni, haisomi asilimia. Hewa ikiingia kifuani inajaa mvuke wenye milimita 47 za zebaki kwa joto la mwili, milimani na pwani sawasawa. Arusha tunaanza na milimita 645, toa 47, zidisha kwa 0.21, unabaki na 125 hivi. Dar ni 150. Kwa hiyo kuvuta hewa ya kawaida Arusha ni sawa na kuvuta mchanganyiko wa asilimia 17 na nusu ukiwa Dar. Mtu mzima mwenye afya hata hajui. Njiti anajua. Maelekezo yanayosema "anza na asilimia 30" yaliyoandikwa usawa wa bahari, huku kwetu yanahitaji kama 36 ili mapafu yapate kile kile.

Ndiyo maana asilimia peke yake haimalizi kazi, na kipimo cha mguuni ndicho chenye neno la mwisho. Kwa njiti anayepewa oksijeni, kiwango kinacholengwa kwenye damu ni 90 hadi 95. Chini ya hapo yuko hatarini, na juu ya hapo pia yuko hatarini. Naliandika hili kwa msisitizo kwa sababu mazoea yetu ni kuona 100 kwenye kioo na kushukuru. Katika miaka ya 1940 na 1950, Marekani na Ulaya, maelfu ya njiti walipofuka kwa sababu ya oksijeni nyingi waliyopewa kwa nia njema kabisa. Mishipa ya damu ya retina (utando wa nyuma ya jicho), ambayo ilikuwa bado inakua, iliharibika. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950 kabla ya wakati, ni mmoja wao. Wazazi wanaotuletea watoto kutoka Ngaramtoni na Monduli hawajui haya, wanatuachia sisi. Kwa hiyo mtoto akisoma 98 huku anapewa oksijeni, punguza. Punguza taratibu, subiri, tazama, punguza tena.

Kwa wanaotaka kununua, muulize muuzaji swali moja kabla ya bei: kifaa hiki kinapima kwa njia gani? Chenye seli ya kikemikali kinafuata mgandamizo, kwa hiyo lazima kikalibretiwe hapo hapo utakapokitumia, isipokuwa kama kina kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani yake na kinajirekebisha chenyewe. Vyenye zirkonia (aina ya kauri), na vile vinavyotumia sumaku, navyo vinafuata mgandamizo. Vya mawimbi ya sauti haviyumbishwi na mwinuko, kwa sababu kasi ya sauti kwenye gesi haibadiliki na mgandamizo, na kwa kupima konsentreta ni vizuri sana. Lakini vimetengenezwa kwa mchanganyiko wa oksijeni na naitrojeni, na gesi yenye unyevu inavidanganya. Kwa wodi kama yetu, inayotaka kupima konsentreta na pia mchanganyiko wa mtoto, nimebaki na chenye seli.

Na muuzaji akikupa cheti, soma kimetolewa wapi. Cheti cha Dar kinathibitisha kwamba kifaa kilikuwa kizima Dar. Sisi sasa tunaandika kwa maka pen mgongoni mwa kifaa tarehe na mji kilipokalibretiwa mara ya mwisho, na aliyekiazima hakitumii kabla ya kukitoa nje na kukiweka 20.9. Seli yenyewe huwa inajila hata ukiiacha kabatini, na ndani ya mwaka mmoja au miwili imekwisha. Kwa hiyo usinunue seli tatu kwa mpigo ili uweke akiba. Nunua moja, na uagize nyingine pale ile ya kwanza inapoanza kushindwa kufika 100 kwenye mtungi.